Vigae vya chupa vyageuka ndege wa kupamba sebule

Katika mitaa mingi ya Nairobi, msomaji, ukitaja vioo ukutani watu hukumbuka jambo moja tu: wezi. Mwenye nyumba hujenga ua wa mawe, na kabla simiti ya juu haijakauka huvunja chupa tupu na kuzipanga makali yakitazama mbinguni. Atakayethubutu kuruka ataacha ngozi ya kiganja hapo. Watoto wa mtaa hujua ua upi una vigae vya kijani na upi una vya hudhurungi, na mpira ukiangukia huko huhesabiwa kuwa umekwenda.

Sasa hebu ichukue chupa hiyo hiyo, uitoe juu ya ua, uipitishe mlangoni, na uitundike juu ya kochi la wageni ikiwa imegeuka ndege. Mabawa ya kijani, kifua cha hudhurungi, jicho moja la samawati. Jua la saa kumi likimpata, rangi zake zinamwagika sakafuni na mtoto anayetambaa anajaribu kuziokota.

Kazi hiyo si ya ng'ambo. Inafanyika kwenye ukingo wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mahali panapojulikana kama Kitengela Glass. Mwanzilishi wake ni Bi Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani ambaye alifanya makao hapo mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa mchoraji wa picha kubwa za ukutani kabla ya kuingia katika kazi ya kuunganisha vioo vya rangi. Mwanawe, Bw Anselm Croze, ndiye aliyeleta ufundi wa kupuliza kioo kikiwa bado moto. Zikawa karakana mbili jirani, ya mama na ya mwana, na vijana wengi wamejifunza kazi humo mpaka mikono yao ikawa na ujuzi wa kutegemewa.

Kabla hujafunga safari, jihadhari na jina. Mji wa Kitengela, ule wenye msongamano wa malori, uko kwenye barabara ya kuelekea Namanga. Watu wengi wameshuka huko, wakauliza karakana ya vioo, na wakaonyeshwa fundi wa madirisha. Njia iliyo rahisi kwa mtu anayetoka katikati ya jiji ni ile ya Magadi. Panda matatu ya Rongai, nambari 125, pita Langata, pita Bomas, na ushukie Ongata Rongai kwenye njia inayoingia Maasai Lodge. Kutoka hapo utatafuta bodaboda, au utembee iwapo una viatu vya kutembea.

Nyumba za kupangisha zitapungua polepole na hewa ya nyasi itaanza kukufikia. Kisha utafika kwenye korongo la mto. Juu ya korongo hilo kuna daraja la kuning'inia la waendao kwa miguu. Linayumba, tena halimbembelezi mtu. Ukiwa mwoga, shika waya na utazame ng'ambo, usitazame mawe yaliyo chini. Ukiwa na nyanya yako mwenye magoti mabovu, tafuteni gari na mzungukie njia nyingine.

Ng'ambo ya daraja utajua umefika hata bila kibao. Hakuna kitu kilichoachwa kitupu huko. Njia imepambwa kwa vipande vya vigae, viti vimepambwa, na kuta zina vioo vya rangi vilivyozamishwa ndani ya simiti hivi kwamba nyumba huwaka mchana kana kwamba kuna taa ndani. Sanamu za saruji na vyuma chakavu zimesimama nyasini. Mtu aliyezoea nyumba za mistari iliyonyooka ataona kwamba pametiwa chumvi, na mimi nasema chumvi hiyo imekolea inavyostahili.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye barabara ile uliyojia. Matatu ilikushusha Rongai, lakini lami iliendelea bila wewe. Ukiifuata hadi mwisho utafika Ziwa Magadi, kwenye joto la Bonde la Ufa. Jina hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji yeyote aliyewahi kumwona mama akitia magadi kwenye sufuria ya maharagwe makaidi ili yalainike upesi. Kampuni ya kuchimba magadi ya huko iliundwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi mabehewa yamekuwa yakibeba unga mweupe hadi bandarini Mombasa. Sehemu kubwa ya unga huo duniani hutumiwa na viwanda vya vioo.

Sababu yake ni ile ile ya maharagwe. Kioo kimetokana na mchanga, na mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,700 za selsiasi. Ukitiwa magadi unalainika kwa joto la chini zaidi. Huongezwa chokaa pia, kwani kioo cha mchanga na magadi peke yake huyeyuka majini kama sukari. Kwa hiyo chupa iliyo mezani pako, dirisha la matatu uliyopanda na ndege utakayemnunua, wote ni mchanga, chokaa na magadi. Na ziwani Magadi kwenyewe wanatembea heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wakila vijimea vya maji hayo hayo ya magadi. Nchi yetu ina mambo!

Mafundi wa Kitengela hawaanzi na mchanga. Huanza na kile ambacho wengine wamekitupa: vipande vya madirisha, mabaki ya mafundi wa fremu, chupa zisizorudishwa kwa muuzaji. Kuyeyusha kioo kilichokwisha kuwa kioo hula moto kidogo kuliko kuanza na mchanga, na moto ndio gharama. Matanuri ya kupuliza kioo ya huko yamewahi kuendeshwa kwa mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini za magari. Fikiria basi: oili ya matatu kuukuu inayeyusha dirisha la matatu kuukuu, na kinachotoka ni ndege.

Ukifika karakanani, simama pale unapoambiwa usimame. Ndani ya tanuri kuna joto la kama nyuzi 1,100, na kioo humo hakifanani na kitu unachokijua. Ni kizito na chekundu mithili ya asali iliyoshika moto. Fundi huingiza chuma kirefu, hukizungusha na kuchota donge. Tangu hapo mkono wake hauruhusiwi kupumzika. Akiacha kuzungusha hata kwa muda wa kupenga kamasi, donge linaning'inia na kudondoka sakafuni.

Sasa angalia namna ndege anavyozaliwa. Fundi hulibingirisha donge juu ya bamba la chuma ili liwe na umbo la yai. Hulikaza shingo kwa koleo. Kisha hushika ncha na kuvuta, mara moja tu, na huo ndio mdomo. Akivuta kwa woga atapata mdomo wa bata; akivuta kwa pupa atapata sindano itakayovunjika kabla ya jioni. Mkia huvutwa na kubanwa upande wa pili. Kati ya hatua moja na nyingine hulirudisha donge motoni, kwani baada ya sekunde chache kioo huanza kukauka, na kioo kilichokauka hakikubali ushauri. Ndege wa kutundikwa ukutani hubanwa upande mmoja uwe bapa, na mgongoni huachiwa kijishikio cha kupitishia waya.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili au watatu, nao hawasemi mengi. Mmoja anachota, mwingine anashika mlango wa tanuri, wa tatu ana kitambaa kilicholowa. Ni kama wapishi wa harusi wanaojuana: huoni mtu akimwamuru mwenziwe, ila kijiko kinahitajika na kijiko kipo.

Huenda ukadhani kwamba ndege akishapata umbo kazi imekwisha. La, hasha! Hapo ndipo hatari inapoanza. Kioo kikiachwa kipoe hewani, ngozi yake hupoa na kusinyaa huku moyo wake ungali moto. Ngozi na moyo huvutana, na kwa ghafla utasikia mlio mdogo, tik, na kichwa kiko huku na mwili uko kule. Kwa hiyo ndege huingizwa katika joko jingine lililo karibu nyuzi 500, na joto hupunguzwa polepole usiku kucha. Asubuhi ndipo fundi hufungua. Baadhi ya asubuhi hukuta wote wazima. Asubuhi nyingine hukuta kazi ya jana imekuwa vigae tena, na vigae hurudishwa tanurini.

Ndiyo sababu fundi mwenye busara hachanganyi vioo ovyo. Kioo cha dirisha na kioo cha chupa vinaweza kufanana machoni, lakini kila kimoja kina kiasi chake cha kutanuka kwenye joto. Ukivishikamanisha vikiwa moto, vitaachana kwa ugomvi vikipoa, pengine siku hiyo, pengine wiki mbili baadaye kikiwa tayari ukutani kwa mteja. Ukitaka rangi mbili katika ndege mmoja wa moto, ni lazima vioo hivyo viwe vinapatana.

Wapo pia ndege ambao hawapitii moto mkubwa hata kidogo, na kwa nyumba za kawaida pengine hao ndio wanaofaa zaidi. Hawa hukatwa kutoka vioo bapa. Fundi huchora ndege kwenye karatasi, hugawanya mwili wake kama fundi cherehani anavyogawanya gauni, kisha hukata kila kipande kwa kile kikatio chenye gurudumu dogo. Kioo, kwa hakika, hakikatwi. Hukwaruzwa, kisha huvunjwa kwa kufuata mkwaruzo. Kingo husagwa makali yaishe, huzungushiwa ukanda mwembamba wa shaba, na vipande huunganishwa kwa lehemu. Njia hii ya ukanda wa shaba ilipata umaarufu Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya vivuli vya taa. Ile ya zamani zaidi, ya kubana vioo kwa fito za risasi, ndiyo iliyo katika madirisha ya makanisa makuu.

Rangi nazo zina siasa yake. Kijani cha chupa hutokana na chuma kilichomo mchangani, kwa hiyo hupatikana bila taabu. Hudhurungi ni ya chupa za bia. Samawati iliyokolea hutokana na kobalti, na kobalti kidogo tu hufika mbali. Lakini waridi na nyekundu iliyokolea ni rangi za matajiri. Nyekundu bora hutengenezwa kwa kutia dhahabu, ndiyo, dhahabu yenyewe, ingawa ni kiasi kidogo sana. Matokeo yake ni kwamba kumtengeneza heroe wa waridi kwa vioo vya jalalani haiwezekani. Ni lazima kioo cha rangi kinunuliwe. Kwa hivyo ukimkuta heroe wa kioo, na yuko kijani, usimcheke fundi. Amekutengenezea kwa kile kilichopatikana, naye heroe hajalalamika.

Hapa, msomaji, ndipo tunapofika kwenye bei, na ndipo wengi wetu tunapofunga mikoba. Utamshika ndege mkononi, utageuza kijikaratasi kilichobandikwa, na roho itasema: kwani hii si chupa tu? Nyumbani mambo yatakuwa makali zaidi. "Mama Njeri, huyu ndege anataga?" Baba Njeri atauliza. "Hatagi, Baba Njeri." "Basi kwa nini anagharimu kuliko yule jogoo wa Krismasi?" Na Mama Njeri, kama alikuwa amejitayarisha, atamkumbusha habari ya redio iliyonunuliwa kwa sauti ikafa baada ya miezi mitatu.

Swali la Baba Njeri ni la haki, na lipewe jibu la haki. Kioo kilikuwa cha bure au karibu na bure. Kinacholipiwa ni mafuta ya tanuri ambalo haliwezi kuzimwa na kuwashwa kama jiko la makaa, ni miaka ambayo kijana alitumia kuvunja kabla hajajua kuvuta mdomo, na ni wale wenzake waliopasuka jokoni usiku. Ukitoa vitu hivyo, chupa ni chupa. Ukitaka ndege wa bei ya chini wapo, wale wadogo wa kioo bapa wenye vipande vitatu au vinne. Uliza pia kuhusu wenye kasoro ndogo, mkia uliopinda au povu la hewa tumboni. Mimi binafsi napenda wenye povu.

Kinachonisumbua si bei. Ni kwamba tumewaachia wageni mapambo haya. Mtalii anayetoka kutazama simba mbugani humfunga ndege wake kwa fulana tatu na kumvusha bahari, huku sebule zetu zikinunua maua ya plastiki yaliyovushwa bahari hiyo hiyo kuja kwetu. Huko Finland, ambako marehemu Oiva Toikka alianza kubuni ndege wa kioo mwaka 1972, watu wa kawaida huwakusanya na kuwarithisha watoto. Si kwamba Wafini wana macho mazuri kutushinda. Wamezoea tu kwamba kazi ya mikono ya nchi yao ni ya nyumba zao.

Wala kioo si kitu kigeni katika sehemu hiyo. Kajiado ni nchi ya Wamaasai, na shanga ambazo mama wa Kimaasai huzipanga shingoni ni za kioo. Nyingi huagizwa kutoka Jamhuri ya Czech, ambako zimekuwa zikitengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika tangu enzi za mababu. Na Pwani, watafiti waliochimba magofu ya Gede na ya Shanga walikuta shanga za kioo zilizoletwa kwa majahazi. Kwa karne nyingi tulikinunua kioo kikiwa kimekwisha kutengenezwa. Kukiyeyusha wenyewe na kukipa umbo la ndege wetu ni jambo la juzi tu.

Hata ndege ukutani si wageni. Msomaji wa makamo atawakumbuka wale bata watatu wa udongo, mkubwa, wa kati na mdogo, wakiruka kwa mshazari juu ya meko. Walikuwa mtindo Uingereza kuanzia miaka ya 1930, na walifika huku pamoja na wenye nyumba wa wakati huo. Walipoondoka, ukuta ukachukuliwa na kalenda, picha ya harusi, picha ya rais na saa isiyokwenda. Sina vita na kalenda. Lakini kalenda kumi na mbili za miaka iliyopita zikining'inia pamoja, hapo nina neno.

Ukiamua kununua, chagua ndege anayekubalika nyumbani mwako. Bundi wa kioo ni mzuri ajabu, kwani macho yake makubwa humpa fundi nafasi ya kutumia sehemu za chini za chupa mbili nzima. Lakini mama mkwe akija kulala na akamkuta bundi anamtazama kutoka ukutani, huenda asilale, nawe usilale. Katika jamii zetu nyingi huyo ni mjumbe wa kifo, wala kusema kwamba ni chupa hakutamfuta uchungu. Kanga hana ubaya kwa mtu, na madoadoa yake hutokeza vizuri kwenye kioo. Korongo mwenye taji ni wa fahari, na taji lake la dhahabu ni mtihani wa fundi: likiwa nyuzi nyembamba zilizopangwa sawa, huyo anajua kazi. Korongo huyo aliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Mtoto wako anaweza kumjua wa ukutani kabla hajamwona wa kwenye kinamasi.

Kumtundika nako kuna maarifa yake. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kumlaza ndege wa kioo bapa juu ya ukuta wenye rangi nzito. Atakufa. Kioo cha rangi huishi kwa mwanga unaopita ndani yake, na ukuta wa kahawia nyuma yake ni sawa na kumfunika blanketi. Mweke mbele ya ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa, tena asiushike ukuta: muwekee vizibo viwili vya chupa nyuma ili abaki na nafasi ya vidole viwili. Mwanga utapenya, utagonga ukuta na kurudi, na kivuli chake cha rangi kitaonekana pembeni. Ukuta ulio mkabala na dirisha la magharibi ndio bora.

Ndege wa donge, yule wa tanurini, hana shida hiyo kwa kuwa unene wake hushika mwanga wenyewe. Shida yake ni uzito. Hata kioo bapa si chepesi: kile cha unene wa milimita nne hufikia kilo kumi kwa kila mita mraba, kwa hiyo ndege wa ukubwa wa kitabu cha shule ana kama nusu kilo. Msumari wa kawaida uliopigwa kwenye lipu utashika siku tatu, na usiku wa nne utasikia kishindo. Toboa hadi kwenye jiwe, tia kizibo cha plastiki na parafujo. Nyumba ya mbao au ya udongo ni rahisi zaidi. Tafuta mti wa nguzo na upige hapo.

Na wewe unayepanga? Najua. Wenye nyumba wengine huhesabu matundu ya misumari siku ya kuhama kama askari anavyohesabu wafungwa, na kila tundu hukatwa kwenye amana yako. Basi usitoboe. Mtundike ndege kwenye fimbo ya pazia kwa uzi wa kuvulia samaki, au kwenye chuma cha dirisha. Atazunguka polepole upepo ukija, na rangi zake zitazunguka chumba kizima. Kusema kweli, hapo huwa mzuri kuliko ukutani.

Dirishani, hata hivyo, usidhani kwamba unawafanyia hisani jamaa zake walio hai. Kioo ni adui mkubwa wa ndege. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya ndege milioni 365 na milioni 988 hufa nchini humo kila mwaka kwa kugonga vioo vya majengo, wakidhani kwamba anga linaendelea. Ndege mmoja wa pambo hawazuii. Wao humkwepa na kugonga sehemu iliyobaki. Kama dirisha lako huua vijichiriku, litie alama zilizokaribiana, zenye nafasi isiyozidi sentimita tano kati yake, kwa upande wa nje.

Jambo jingine la tahadhari ni watoto. Lehemu inayounganisha vipande mara nyingi ina risasi, nayo risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Ukutani, juu, haina madhara. Kinywani ni habari nyingine. Kwa hiyo usimpe mtoto ndege wa kioo achezee, na ukimpangusa vumbi nawa mikono kabla ya kukanda chapati. Wa tanurini hawana lehemu, ila wana mdomo.

Kilichobaki ni safari ya kurudi. Nenda na magazeti ya zamani, maana huko hutayapata ya kutosha. Hata hili litafaa ukishalisoma. Funga mdomo kwanza, peke yake, kwa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, kisha shingo, kisha mkia, na mwisho mwili mzima uwe kama mtoto aliyezaliwa leo. Darajani mbebe kifuani ili mkono mmoja ubaki wa kushika waya. Ukifika Rongai, makanga atataka kuutupa mzigo nyuma pamoja na kuku na magunia ya viazi. Mkatalie. Lipia kiti cha dirishani, uketi naye mapajani, na matuta yanapokaribia muinue kidogo.